Kubali Mbili za Kiingereza

Nilikwenda kumzika Wesley kwa sababu mume wangu ni mzee wa kanisa, na mke wa mzee wa kanisa asipoonekana kwenye mazishi watu huanza kuulizana maswali. Ilikuwa Ndanai, katika boma zuri lenye ng'ombe wa maziwa wa gredi na nyumba ya mawe iliyoezekwa mabati mekundu. Mahema ya kukodi yalikuwa yamefungwa utepe wa zambarau, vipaza sauti vilikoroma, na nyuma ya nyumba sufuria kubwa za wali na nyama zilikuwa zimeshaanza kufuka. Nilipita mbele ya jeneza kama wengine, nikamtazama kupitia kile kioo kidogo. Walikuwa wamempaka mafuta mpaka paji la uso likang'aa, na nikajiuliza ni nani aliyelazimika kumpaka. Kisha mchungaji akashika kipaza sauti akatuambia kwamba ndugu yetu, akiwa amelazwa hospitalini, alimkubali Bwana. Kijana aliyewekwa pale kuwatafsiria wageni wa kutoka Nairobi akasema, "He accepted the Lord." Watu wakaitika amina. Niliinuka kama mtu anayetafuta choo, nikapita nyuma ya mahema mpaka kwenye nyasi za nepia, nikampigia Akinyi simu. Akinyi ana kibanda cha samaki Kapsoit, na siku hiyo alikuwa amenikataza kwenda.

"Wamemfunika?" akaniuliza.

"Bado. Wanasema kabla hajafa alimkubali Yesu."

Nilisikia kisu chake kikikwangua magamba, kwaru, kwaru, kisha kikasimama.

"Na Yesu je," akasema, "aliulizwa?"

Nilirudi kwa mume wangu nikamwambia kichwa kinaniuma. Hilo halikuwa kweli, ila sikutaka kula nyama ya pale. Nikaondoka kabla hawajashusha sanduku, na njia nzima sikufikiria kifo hata kidogo. Nilikuwa nafikiria neno.

Habari za nyumbani kwetu nitaziruka. Zilifanana na za kila mtu, ng'ombe wawili, chai kidogo, mahindi, na karo isiyotosha. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule nilioajiriwa kuwa karani katika moja ya mashamba makubwa ya chai, nikiwa na miaka ishirini na moja, bila chochote mkononi isipokuwa alama nzuri ya Kiingereza. Nyumba za makarani zilikuwa zimejaa, kwa hiyo nikapewa nusu ya chumba kambini, pamoja na mchunaji mmoja aliyetoka upande wa ziwa. Huyo alikuwa Akinyi. Alinizidi kama miaka minne. Chumba chenyewe kilikuwa cha mawe, kimepakwa chokaa zamani, na bati la juu lilikuwa jeusi kwa moshi wa wapangaji waliotutangulia. Kuta hazikufika juu kabisa. Kati ya ukuta na bati paliachwa pengo, na kupitia pengo hilo maisha ya chumba cha pili yalitumwagikia yote: kikohozi, maombi, ugomvi wa chumvi, mtoto anayechekeshwa. Upande wa kushoto aliishi Mama Moraa, mwanamke wa Kisii aliyechuna majani tangu kabla sijazaliwa, na mazungumzo yake na wageni wake tuliyajua kuliko yetu wenyewe.

Chakula chetu kilikuwa cha kijiko kimoja na sufuria moja. Akinyi alipika omena, mimi nilisonga ugali, na ikifika siku ya mursik, maziwa yetu ya kugandisha kutoka nyumbani, alifunga macho na kuunywa kama dawa, kisha akaomba tena. Tukila tulicheza mchezo wake. Alikuwa akitaka kuacha kuchuna ahamie mizani, awe mpimaji, na wapimaji walitakiwa wajue Kiingereza cha kuongea na ofisi. Kwa hiyo aliokota maneno kila mahali na kuniletea mawilimawili, kama mtu anayeleta viatu fundi amwambie kipi ni cha kulia. *Borrow* na *lend*. *Listen* na *hear*. *House* na *home*. Nilikuwa na kamusi isiyo na jalada, lakini mara nyingi nilimjibu kwa kichwa, kwa majivuno ya mtu aliyemaliza shule juzi. Jioni moja, akichambua omena kuzitoa mchanga, aliniuliza *accept* na *consent*. Alikuwa ameyasikia ofisini siku ya kudungwa sindano, muuguzi akisema la kwanza, daktari la pili.

"Kwa Kiswahili yote ni kukubali," nikamwambia.

"Na kwetu ni moja. *Ayie*. Sasa wazungu mbili za nini?"

Nilifikiri kidogo. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga mchana huo, na nje vijana walikuwa bado wanakusanya barafu kwenye mabati wakirushiana. Nikamwambia, "Mvua kama hii ikipiga mahindi yako, una-*accept*. Utafanya nini? Imeshakuja. Lakini huwezi ku-*consent* mvua. *Consent* ni mpaka uulizwe kwanza, na uwe unaweza kusema hapana."

"Mpaka uulizwe," akasema, akitupa mchanga nje ya mlango. "Hiyo ya pili basi ni ya matajiri."

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka sana.

Wesley alikuwa supavaiza wa sehemu yao. Alikuwa mwanamume nadhifu, wa shati lililopigwa pasi, na mdomoni kila wakati alikuwa na peremende ya kifua aliyoizungusha kutoka shavu hili hadi lile ikigongana na meno. Harufu ya peremende hiyo ilimtangulia. Wanawake waliokuwa wameinama kwenye majani waliinusa kabla hawajaziona buti zake, na migongo yao ilikakamaa. Mpaka leo mtu akifungua peremende ya aina hiyo kanisani mimi huhama kiti. Kazi yake ilikuwa kukagua majani na kuwagawia wachunaji mistari, yaani alikuwa na uwezo wa kukupeleka bonde lenye majani teletele au kukutupa kilimani ambako chai imezeeka na mchana mzima hujazi kikapu. Alimtaka Akinyi. Hakumficha mtu. Akinyi alipomkwepa, alianza kupangiwa kilimani. Akileta kikapu, Wesley alichovya mkono ndani, akatoa jani moja gumu, akalinyanyua juu kila mtu alione, kisha akamwaga kikapu chote chini kwenye matope. "Haya si majani, ni kuni," alisema. Halafu kwa sauti ya chini, akiinama karibu na sikio: "Wewe kubali tu mambo yawe rahisi."

Haya niliyapata vipande vipande, mengine kupitia lile pengo la ukuta, maana Akinyi aliyasimulia kwa Mama Moraa kabla hajanisimulia mimi. Nadhani aliniona mtoto wa ofisi. Mwezi wa mvua kubwa, jioni moja, alirudi akiwa amechelewa, akaenda moja kwa moja bombani na kipande cha sabuni ya kufulia. Aliporudi ndani ngozi ya shingo na mikono ilikuwa imekwaruzika. Hakula. Nilisogea kumuuliza kuna nini, na nikainusa ile peremende kwenye nywele zake, chini ya harufu ya sabuni. Sikuhitaji kuuliza tena. Nilitoka nje nikatapikia mfereji, na yeye, yeye aliyetendewa, ndiye aliyenishika bega.

"Kuna sitoo ile ya aproni," akaniambia baadaye, akitazama jiko. "Alinituma nilete aproni. Nikasema basi, wacha iishe, nirudi bonde. Nimechoka kumwagiwa."

Alirudishwa bonde wiki iliyofuata. Lakini haikuisha. Mtu wa namna ile akipewa mara moja huhesabu kwamba amenunua. Alimtuma sitoo tena, na Akinyi alipokataa, majani yakaanza kumwagwa upya. Ndipo siku moja alipovua kikapu katikati ya mstari, akatembea hadi ofisini na aproni yake ikichuruzika maji, akasimama mbele ya meza yangu, akasema anataka kushtaki. Wachunaji wengine walimwangalia kupitia dirishani kama watu wanaotazama mtu akiingia mtoni wakati wa mafuriko.

Kesi ilisikilizwa katika chumba cha mikutano, chumba ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nikikipenda kwa sababu ya zulia lake. Mwenyekiti alikuwa Madam Lorna, afisa wa wafanyakazi. Alikuwa mwanamke wa kwetu, amesoma, aliyewahi kufundisha Kiingereza sekondari, mwenye lafudhi safi niliyokuwa nikiiiga kwa siri nikioga. Kando yake alikaa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, ambaye sikumbuki akitoa neno. Na kwa sababu malalamiko ya aina hiyo yalikuwa yameanza kuwatia wasiwasi wanunuzi wa ng'ambo, alikuwepo pia bwana mmoja kutoka ofisi kuu, Mzungu mwenye sauti ya upole, ambaye Kiswahili chake kilianzia na kuishia kwenye salamu. Kwa ajili yake niliitwa nitafsiri. Palikuwa na chai kwenye birika la kaure na biskuti kwenye sahani. Akinyi na Wesley waliketishwa pembeni, kila mmoja kwenye kiti chake, na biskuti hazikuwafikia.

Wesley alizungumza kwa utulivu. Alisema yeye ni mtu mzima, na huyo ni mtu mzima, na mambo ya watu wazima si mambo ya kampuni. "Nilimwambia, na akakubali," alisema. "Muulizeni."

Madam Lorna akamgeukia Akinyi. "Ulikubali ama hukukubali?"

Akinyi alikuwa ameifunga mikono mapajani. Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa utomvu wa chai kama za wachunaji wote. Alisema, "Nilikubali. Ningefanya nini, Madam? Alikuwa anamwaga majani yangu kila siku."

Nikamgeukia yule Mzungu nikasema, "*She says she accepted it. What could she do? He was throwing away her leaf every day.*"

"*Consented*," akasema Madam Lorna, bila kunitazama. Alikuwa anapuliza chai yake. "*The word is 'consented', Chelangat.* Kukubali katika mambo kama haya ni *consent*."

Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na huyo alikuwa mtu niliyetamani kuwa kama yeye. Lakini neno nililijua. Nilisema, Madam, samahani, hayo ni maneno mawili tofauti. Nikasema mtu hu-*accept* mvua, hu-*accept* ugonjwa, hu-*accept* kifo. Lakini ku-*consent* lazima uwe na nafasi ya kukataa, na huyu hakuwa nayo. Na hapo kikatokea kitu ambacho nimejaribu miaka yote hii kukieleza, na kila mara nikikieleza watu hudhani natia chumvi. Yule Mzungu alifurahi. Macho yake yaliamka. Alisema hilo ni jambo la kuvutia sana, kwamba lugha moja ina neno moja na nyingine ina mawili. Aliuliza vipi kuhusu mwaliko: mtu hu-*accept* mwaliko, na mwaliko unaweza kuukataa, si ndiyo? Madam Lorna akasema hasa, hasa, na pia zawadi. Akaongeza kuwa *consent* hutumika zaidi kwa madaktari na mahakama, na hufuatwa na *to*. Yule bwana akasema alikuwa na mwalimu aliyekuwa mkali sana kwa vihusishi. Wakacheka kidogo. Mmoja alimsogezea mwenzake sahani. Nilisikia biskuti ikivunjika katika meno ya mwakilishi wa chama.

Na Akinyi ameketi pale. Walikuwa wakiligeuzageuza lile neno mkononi kama watu wanaochagua nyanya sokoni, na lile neno lilikuwa mwili wake. Sijawahi kuchukia Kiingereza kabla wala baada ya siku hiyo, kwa maana ndicho kilichonilisha maisha yangu yote, lakini dakika zile kilinuka. Kilinuka ile peremende.

Mwishowe yule bwana akaangalia saa, akasema anadhani tofauti ni ndogo, lolote kati ya hayo mawili litatosha. Madam Lorna akamwambia mwandishi wa kikao aandike *consented*.

Akinyi akanigusa kiwiko. "Wanasema nini?"

Mtafsiri hufundishwa kutafsiri pande zote mbili, na hakuna aliyekuwa amekumbuka upande wake. Nikamgeukia nikamwambia kwa Kiswahili, polepole, kwa sauti ya kusikika: "Wanaandika kwamba ulitaka."

"Chelangat!" akasema Madam Lorna.

Lakini Akinyi alikuwa ameshasimama. Alimtazama Wesley kuanzia buti, akapanda na macho taratibu, suruali, mkanda, shati la pasi, mpaka kwenye lile shavu lililotuna kwa peremende. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyefunua mtungi wa maziwa akakuta panya ndani.

"Nitake hiyo?" akasema.

Hakusema huyo. Alisema *hiyo*, kama unavyosema kuhusu kitu kilichookotwa. Wesley aliacha kuzungusha peremende. Mzungu akainamisha kichwa upande wangu, akauliza amesema nini, na nikamtafsiria neno kwa neno, bila kupunguza: "*She says: me, want that thing?*" Uso wake ulikuwa mwekundu alipokuwa anakusanya karatasi zake.

Uamuzi ulisomwa kesho yake. Watu wazima wawili walikuwa wamekubaliana, kampuni haiingilii, na wote wanaonywa wasilete mambo ya nyumbani kazini. Akinyi akarudishwa kilimani. Mimi niliambiwa ofisi imejaa watu, nikapelekwa nikawe karani wa mizani shambani, kwenye banda lisilo na kuta, ambako upepo wa mvua ulikuloanisha kutoka pande nne. Ilikusudiwa iwe adhabu. Jioni ya siku hiyo nililala kitandani bila kuvua koti, na kupitia pengo la ukuta nikasikia chumba cha Mama Moraa kikijaa. Walikuwa wanawake wengi, Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo, wameketi mpaka mlangoni. Wengine walikuwa wameinusa ile peremende kwa karibu kama Akinyi, na kwa mara ya kwanza nilisikia wakisema. Walisema bila kulia. Mmoja, mke wa mtu, mwenye sauti nyembamba ya kwaya, alisema tu, "Mimi ni mwaka juzi," na mwingine akasema, "Mimi ni Pasaka."

Mama Moraa alikohoa. "Sasa sikizeni," akasema. "Hatugomi. Tukigoma wanaleta polisi. Sisi tunafanya kazi. Lakini huyo mtu akiingia mstari wangu, mimi natoka. Akiingia wako, wewe unatoka. Akisimama kwa mizani, hatushushi vikapu. Hatutukani mtu. Tunangoja tu aende."

"Na akikataa kwenda?"

"Majani yatamwondoa."

Sikuelewa mpaka nilipoona. Asubuhi Wesley aliingia mstari wa kwanza, na wanawake wote wa mstari ule wakanyooka, wakatoka kimya, wakahamia wa pili. Alipowafuata wakahamia wa tatu. Alipiga kelele. Hawakumjibu. Saa ya kupima alikuja akasimama kando yangu, mikono kiunoni, na wale wanawake wakapanga foleni na vikapu mgongoni wakaangalia milima. Hakuna aliyeshusha. Jani bichi la chai halisubiri mtu. Likishindiliwa kikapuni kwa saa nyingi hujipika lenyewe. Hupata joto, huwa jekundu kama kidonda, na hutoa harufu tamu ya kuoza inayokwama kooni. Kufikia jioni banda zima lilinuka hivyo, na wanawake walikuwa wamesimama na joto lile likiwachoma mgongoni, jasho likiwatiririka, na hawakuyumba. Lori likaenda kiwandani na majani yaliyoharibika, kiwanda kikayakataa. Kesho yake ikawa vilevile, na ya tatu. Siku ya nne meneja alimpigia simu Madam Lorna, na kila mtu pale mizani alijua, kwa sababu Wesley hakuonekana.

Nitasema sasa hivi jinsi mambo yalivyokwisha, maana hayakwisha vizuri na sitaki kumaliza nayo. Wesley hakufukuzwa. Alihamishiwa sehemu nyingine ya shamba lilelile, ng'ambo ya mto, ambako kulikuwa na wanawake wengine na sitoo nyingine, na baada ya muda akapandishwa cheo. Alistaafu na saa ya ukutani na makofi. Madam Lorna nilikutana naye miaka mingi baadaye mjini Kericho, alinikumbatia, akawaambia waliokuwa naye, "Huyu ni mtoto wangu, Kiingereza alikitoa kwangu." Nilinawa mikono nilipofika nyumbani. Akinyi hakupata mizani. Mwisho wa mwaka alijiondoa, akaanza na karai moja la omena pale Kapsoit, na watoto wake wamesomeshwa na kisu kile nilichokisikia kwenye simu. Mimi nilienda chuo cha ualimu, na nimefundisha Kiingereza hadi nywele zikaingia mvi. Kila mwaka kuna mwanafunzi anayeniuliza tofauti ya *accept* na *consent*. Vitabu hutoa mfano wa mwaliko na wa daktari. Mimi hufunga kitabu, nikawaambia habari za majani yaliyomwagwa matopeni, na huwa naona wasichana wa nyuma wakiacha kunong'onezana.

Siku ninayotaka kumaliza nayo ni ile ya chai ya upatanisho. Kabla ya uhamisho, kampuni iliona vyema tumalizane kama familia, ndivyo alivyosema Madam Lorna, na tukaitwa sote kwenye ukumbi wa kambi Jumamosi baada ya kazi. Kulikuwa na sufuria mbili za chai ya maziwa, mikate iliyokatwa na kupakwa siagi pande zote, na bakuli kubwa la sukari kwenye kila meza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mchungaji alialikwa. Alituombea, akasoma juu ya kusamehe saba mara sabini. Madam Lorna akasema Bwana Wesley yuko tayari kumpa kila mtu mkono, na ataanzia kwa yule aliyekwazika zaidi. Nilikuwa nimeketi mkabala na Akinyi, karibu na Mama Moraa. Wesley alikuja katikati ya meza na shati lake la pasi. Harufu yake ikafika kwanza. Alinyoosha mkono juu ya vikombe.

"Dada yangu," akasema kwa sauti ya watu wote, "sisi ni binadamu. Kubali yaishe."

Akinyi alikuwa na mkate mdomoni. Hakuharakisha. Alitafuna, akameza, akanywa chai kidogo kuuteremsha, akaweka kikombe. Nilisikia mvua ikianza mbali kwenye mabati ya kiwanda.

"Hapana," akasema.

Mchungaji akatabasamu kama mtu ambaye hakusikia. "Mama, ndugu yako anaomba."

"Nimemsikia akiomba. Na mimi nimesema hapana."

"Akinyi," akasema Madam Lorna, "kila mtu anakungojea wewe."

"Basi wakunywe chai, Madam. Itapoa."

Akachukua kipande kingine cha mkate. Mkono wa Wesley ulibaki hapo juu ya meza, wazi, na hakujua auweke wapi. Kuurudisha mfukoni kulikuwa aibu, na hakuna mwanamke hata mmoja kwenye meza ile aliyeinua wake kuupokea. Hatimaye akaupeleka kwenye bakuli la sukari, kama kwamba ndicho alichokuwa akikitaka tangu mwanzo, na Mama Moraa, bila kumtazama na bila kukatiza kunywa, akalivuta bakuli upande wake.